Sura ya Saba: Niangalizie Maji

Kila mtu wa Kasansa aliyesikia kwamba ninakwenda Hifadhi ya Katavi alinipa ombi la simba. Kijana wa bodaboda aliyenileta kutoka upande wa Muze alitaka nimpigie picha ya dume mwenye manyoya meusi shingoni. Mama aliyeniuzia maandazi aliuliza kama gari letu lina vioo vinavyopanda hadi juu. Ni mzee aliyenipa malazi pekee ambaye hakutaja mnyama. Alikuwa barazani, magunia mawili ya mpunga yameegemezwa ukutani nyuma yake, akichonga mpini wa jembe. Alisubiri nimalize kufunga begi, akapuliza vumbi la mti kwenye mpini, akasema:

"Ukifika Ikuu, mjukuu wangu, niangalizie maji."

"Maji gani, Babu?"

"Ya mto Katuma. Yakiwepo kule, sisi huku tunalala. Yakiisha, tunapata wageni."

Wageni aliowasema ni tembo na viboko. Niliondoka na agizo lake kichwani, na siku zote nne za safari nilijikuta nikitazama chini, kwenye mito na madimbwi, kuliko nilivyotazama nyasi kutafuta simba. Katika vitabu vya wageni Katavi husifiwa kwa upweke wake na kwa makundi yake makubwa ya wanyama. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mzee wa Kasansa alinifundisha namna nyingine ya kuijua hifadhi: uliza maji yake yanatoka wapi, na yakikauka nani anabisha hodi mlangoni kwa nani.

Barabara ya bonde

Kasansa ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, pale ambapo barabara ya Bonde la Rukwa inakaribia kuuacha mkoa wa Katavi na kuingia mkoa wa Rukwa. Magharibi yake umesimama ukingo wa Bonde la Ufa, ambao juu yake ndiko nyanda za Ufipa. Mashariki nchi inateremka taratibu, tambarare yenye udongo mweusi, hadi kwenye Ziwa Rukwa. Ziwa hilo lina kina kifupi na halina mto unaotoka. Kila tone linaloingia hubaki humo mpaka jua lilichukue. Mwaka wa mvua nyingi ziwa hupanda na kumeza malisho. Mwaka wa ukame hurudi nyuma na kuacha tope lililopasuka.

Miongoni mwa mito inayolilisha ziwa ni Kavuu, na Kavuu hupokea maji ya Katuma baada ya Katuma kukatiza ndani ya hifadhi. Huo ndio uzi unaomfunga mtu wa bondeni na Katavi. Hata asipokanyaga hifadhini maisha yake yote, anaishi mwishoni mwa njia ya maji yaliyopita kwenye miguu ya tembo.

Tuliondoka alfajiri, mwisho wa Oktoba. Mpunga ulishavunwa, na kwenye majaruba yaliyobaki mashina makavu ng'ombe walikuwa wakiokoteza. "Mwangaluka!" mchungaji mmoja wa Kisukuma alitusalimu kutoka kando ya barabara, na dereva wetu akamrudishia vivyo hivyo. Tulipita Mamba, kisha Majimoto, mji mdogo uliopewa jina na chemchemi zake za maji yatokayo ardhini yakiwa moto. Kutoka hapo kuna barabara inayoelekea Inyonga kupitia daraja la mto Kavuu. Sisi tulishika njia ya Mbede na Usevya hadi Kibaoni, kijiji cha nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania kuanzia 2008 hadi 2015. Kote huko miembe ilikuwa imeinama kwa maembe mabichi. Niliona pia, nje ya nyumba nyingi, magunia ya mpunga yakisubiri wanunuzi kama yale ya barazani kwa mzee. Mpimbwe ni nchi ya mpunga. Magunia ni benki, ni ada ya shule, ni mahari.

Baada ya Kibaoni mashamba yalikoma ghafla. Miti ikaanza.

Nchi ya ndorobo

Mwisho wa kiangazi ndio wakati ambapo miombo hufanya jambo linaloshangaza wageni. Kabla mvua haijaanguka hata tone, miti huchipua majani mapya, nayo hutoka mekundu, ya rangi ya shaba na ya divai, ndipo baadaye yakawa kijani. Mti unatumia akiba iliyofichwa kwenye mizizi, ukiamini kwamba mvua haiko mbali. Tulipita kilomita nyingi ndani ya wekundu huo. Mtundu, mninga, myombo wenyewe ambao gome lake hutoa kamba na mizinga ya nyuki. Miti hii imewalisha na kuwavika watu wa magharibi ya Tanzania tangu zamani, na asali ya mkoa huu inatokana na maua yake.

Kisha wakaja ndorobo. Ukiwauliza wataalamu watakuambia mbung'o, lakini huku wanaitwa ndorobo, na wanauma kupitia shati. Hupenda kivuli cha vichaka, hufuata chochote kinachotembea na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana hutundikwa vitambaa vya rangi hizo, vyenye sumu, ili watue juu yake na kufa. Dereva wetu alifunga vioo, akavumilia joto.

Mdudu huyu ameandika sehemu kubwa ya historia ya nchi hii. Hubeba vimelea vya malale kwa binadamu, na vya nagana kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika msituni, ikawakusanya pamoja ili kuwaepusha na malale. Walipoondoka, mashamba yao yakarudi kuwa vichaka, vichaka vikaleta wanyama, wanyama wakawalisha ndorobo. Mfugaji naye hakuthubutu kuingiza ng'ombe mahali ambapo wangekonda na kufa mmoja baada ya mwingine. Hivyo kabla ya bunduki na sare, ndorobo ndiye aliyelinda.

Nalisema hili kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba mapori ya namna hii hayajawahi kuguswa na mtu. Katika nchi hii ya Wapimbwe, Wabende na Wakonongo watu waliwinda, walivuna asali, walizika wafu wao na waliomba mvua, na majina ya mito na maziwa waliyatoa wao. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa katika miaka ya 1990 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 familia nyingi za mashambani zilihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Kwa mzee wa umri wa mwenyeji wangu, hifadhi na kijiji ni ndugu waliozaliwa karibu mwaka mmoja.

Mkwaju wa Katabi

Tulilala Sitalike, kwenye makao makuu ya hifadhi, kilomita zipatazo 35 kutoka Mpanda. Mto Katuma unapita hapo kijijini, na hapo ndipo nilipoanza kutimiza agizo langu. Kulikuwa na maji, lakini yalikuwa yamelala. Viboko walijaza dimbwi lote, migongo ikigusana, na watoto wa shule walipita darajani juu yao wakienda zao bila hata kugeuka kutazama.

Asubuhi tulipanda gari na askari wa uhifadhi, binti aliyezaliwa mkoani humu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyotulia mahali pamoja. Tulimwita Afande. Kwanza alitupeleka upande wa Ziwa Katavi.

Neno ziwa lisikudanganye. Wakati wa masika Katavi na mwenzake Chada hujaa na kuwa maziwa kwelikweli. Mwisho wa kiangazi ni mbuga, uwanda mpana wa nyasi uliozungukwa na miti, na katikati yake unyevunyevu unaovuta kila chenye kwato. Tuliwaona nyamera wakiwa wamesimama juu ya vichuguu kama walinzi, punda milia, kuro wenye weupe matakoni, na kundi la pofu lililotukimbia tungali mbali. Hondohondo walitembea kwenye majivu ya nyasi zilizoungua, wakipekua wadudu.

Karibu na ziwa hili ndipo ulipo mkwaju wa Katabi. Kwa mapokeo ya Wabende, Katabi ni mzimu unaokaa ndani ya mkwaju, na wako watu ambao mpaka leo huacha sadaka chini yake wakiomba baraka. Hifadhi imechukua jina lake kwake. Mwaka 2012, mkoa mpya ulipomegwa kutoka Rukwa, nao ukaitwa Katavi. Kwa hiyo mkoa mzima, pamoja na ofisi zake, mihuri yake na shule zake, unabeba jina la mzimu wa mti mmoja.

Nilisimama nikimfikiria mtu wa kale aliyefika hapa na kiganja cha nafaka. Hakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini alijua kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Huingii tu, ukachukua, ukaondoka, unabisha hodi. Sheria ya Hifadhi za Taifa inasema mambo mengi kwa vifungu na adhabu, na ni lazima iseme. Mkwaju unasema neno moja, na neno hilo ni adabu.

Ikuu

Mchana tulikatiza uwanda wa Katisunga. Nyasi zilikuwa za rangi ya dhahabu hadi upeo wa macho, na mbali kabisa palikuwa na mstari mweusi niliodhani ni miti. Mstari ukasogea. Walikuwa nyati. Katavi ni miongoni mwa mahali pachache ambapo bado unaweza kuona kundi la nyati zaidi ya 1,000 likienda kunywa pamoja, na walipotukaribia ardhi ilitoa sauti ya chinichini ambayo niliisikia zaidi kwa miguu kuliko kwa masikio. Gari lingine halikuwepo. Siku ile nzima hatukukutana na gari la mgeni mwingine hata moja.

Kisha tukafika Ikuu, kwenye kituo cha askari kando ya Katuma, na nikayatazama maji ya Babu.

Mto ulikuwa umekatika. Palipokuwa mkondo palibaki mchanga na tope lililokauka likapasuka vipande vya ukubwa wa sahani. Mahali fulani tembo walikuwa wamechimba visima kwa miguu na mikonga, na kando ya kila kisima nyani na ndege walisubiri zamu. Katikati ya bonde la mto palibaki dimbwi moja la rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake walikuwa viboko.

Nilianza kuwahesabu nikaacha, kwa maana haikuonekana mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Wakati kama huu dimbwi moja la Katavi huweza kubeba viboko 200. Walikuwa wamepangana kama mawe ya mtoni, waliokosa nafasi wamelala juu ya wenzao, matope yakirushwa kila mmoja alipotikisa mkia. Kila baada ya dakika chache madume wawili waliinua vichwa, wakafumbua vinywa, meno yakagongana kwa mlio wa magogo. Mmoja alikuwa na jeraha refu ubavuni, jekundu, na ndege walilipitia wakidonoa.

"Watu husema kiboko ni mkali," Afande alisema. "Masika ukija hapa huwaoni wakigombana hivi. Kila mmoja ana kwake. Kinachowagombanisha ni nafasi."

Alitueleza kwa nini hawaondoki. Ngozi ya kiboko ni nene lakini haivumilii jua. Ikikaa mchana kutwa bila maji hukauka na kupasuka. Usiku hutoka kula majani, makumi ya kilo kwa kila mmoja, na kadiri nyasi za karibu zinavyoisha ndivyo wanavyotembea mbali zaidi. Alfajiri lazima warudi majini. Dimbwi likikauka kabisa hawana pa kurudi, na hapo ndipo baadhi yao hufuata mkondo mkavu usiku, wakitafuta maji mengine popote yalipo: bwawa la kijiji, mfereji wa shamba, ziwa.

Kisha akaonyesha ukingo wa pili. Kulikuwa na mashimo kwenye udongo, mapango ya chini yaliyochimbwa kwa miaka mingi. Nilitazama kwa darubini mpaka giza la ndani likapata umbo. Walikuwa mamba, mmoja juu ya mwingine kama magogo ghalani. Hivyo ndivyo mamba wa Katuma wanavyopita kiangazi: wanaingia mapangoni, wanapunguza kila kitu, hata kupumua, na wanangoja mvua. Chini yao kambale walikuwa wakijifukia kwenye tope la mwisho, na furukombe kutoka kwenye mti mkavu akaita mara mbili, akanyamaza.

Nilikaa pale hadi jua likawa jekundu. Sijawahi kuona mahali penye uhai mwingi hivyo katika eneo dogo hivyo. Mtalii hufurahi, kwa kuwa wanyama wamekusanyika na kuonekana ni rahisi. Lakini mkusanyiko ule ni foleni ya wenye kiu. Nilielewa kwa nini mzee, ambaye hajawahi kupanda gari la watalii, alijua kuuliza swali lililo sahihi.

Juu ya mto

Nilikuwa nimeagizwa kuangalia maji Ikuu tu. Nikaona agizo halijakamilika kama sijajua yamekwenda wapi. Siku ya tatu tuliufuata mto kinyume, tukatoka hifadhini na kwenda upande wa Mpanda.

Mpanda ni mji uliokua kwa madini na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika hapo mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa, treni ikabaki, na mji ukaendelea kukua. Pembeni yake, katika maeneo kama Kakese na Mwamkulu, Katuma hupita kwenye ardhi nzuri ya mpunga. Wakulima hujenga banio mtoni, maji yakapanda na kuingia mferejini, mfereji ukayapeleka majarubani. Banio moja halina madhara makubwa. Yakiwa mengi, moja baada ya jingine, na misitu ya vyanzo ikikatwa juu yake, mto hufika Sitalike ukiwa umechoka.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha mapitio ya shida ya maji katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Tanzania, wakiutazama kwa karibu mto Katuma na ikolojia ya Ziwa Rukwa. Walionyesha kwamba mto uliokuwa ukitiririka hata kiangazi ulikuwa ukikatika, na wakaunganisha jambo hilo na matumizi ya maji juu ya hifadhi. Tangu hapo Serikali imewahi kubomoa mabanio yaliyojengwa bila kibali. Yakibomolewa, mto huinuka kidogo. Njaa ikirudi, mabanio nayo hurudi.

Huko juu nilikaa kwenye kingo za mfereji na mama mmoja aliyekuwa akimwagilia nyanya. Nilimweleza nilichokiona Ikuu. Alinisikiliza hadi mwisho, jembe mkononi.

"Nakuamini," alisema. "Lakini binti yangu yuko kidato cha tatu kwa huu mfereji. Ukinionyesha namna ya kulima na maji nusu, nitalima na nusu. Ukiniambia niache, nitakula nini?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, wala sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Ila najua kwamba swali lake ndilo lenye njia ndani yake. Mfereji wa udongo hupoteza maji mengi kwa kunywewa na ardhi kabla hayajafika shambani. Ukisakafiwa, maji yaleyale hutosha watu wengi zaidi. Zamu za kumwagilia zikipangwa na kuheshimiwa, mto hupata usiku wa kupumua. Chanzo kikiachiwa miti yake, mvua ya Februari hutoka kidogokidogo hadi Septemba. Mambo haya yanataka jumuiya ya watumia maji iliyo hai, bwana shamba anayefika, na fedha. Katavi italindwa kwa bunduki za askari wake, ndiyo. Lakini italindwa pia na fundi anayesakafia mfereji Kakese, na sijaona mtu akimwita fundi huyo mhifadhi.

Ng'ombe na simba

Nimeshasema kila mtu aliniulizia simba, na hapa niwarudishie jibu. Niliwaona watatu, majike, chini ya mti ukingoni mwa Katisunga, matumbo yao yamejaa. Lakini habari ya simba wa nchi hii iko vijijini zaidi.

Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma walihamia Bonde la Rukwa kwa wingi wakitafuta malisho. Kwa mila zao, kijana aliyeua simba aliyevamia zizi ni shujaa: huzunguka akicheza kutoka boma hadi boma, na jamaa humtunza ng'ombe na fedha. Mila hiyo ilikuwa na busara, kwa sababu aliyeweka mwili wake kati ya simba na ng'ombe wa watu anastahili shukrani. Baadaye wakatokea waliokwenda kumtafuta simba porini, hata ndani ya hifadhi, ambaye hakugusa ng'ombe wa mtu, ili wapate kucheza na kutunzwa.

Mradi ulioitwa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ulioanza Mpimbwe mwanzoni mwa miaka ya 2010, uliwafuata wazee badala ya kuwashtaki vijana. Wazee walikiri kwamba mwindaji wa tuzo anaichafua mila. Vijiji vikapitisha sheria ndogo za kuzuia kumtunza mtu ambaye hakuwa akilinda mifugo. Napenda habari hii kwa kuwa haikumwomba mtu aache kuwa Msukuma. Iliitumia heshima iliyokuwemo tayari ndani ya mila kurekebisha kilichokuwa kimepotoka.

Wakulima nao wana madai yao. Kanuni za mwaka 2011, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, zimeweka kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao au mifugo na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Majina hayo ni ya kweli kabisa. Hufuta jasho, shamba halirudi. Mtu aliyelala macho wiki nzima akipiga debe ili tembo wasiingie kwenye mpunga wake anailipia hifadhi kodi ambayo haiandikwi kwenye risiti yoyote, na taifa linalojivunia tembo linapaswa kuikumbuka kodi hiyo kila linapohesabu mapato ya utalii.

Jibu

Siku ya nne jioni nilirudi Kasansa. Mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya ukingo wa magharibi lakini hayakuwa na haraka. Kijana wa bodaboda alipewa picha ya majike watatu, akauliza dume yuko wapi. Mzee alikuwa barazani palepale. Jembe lilikuwa limeshapata mpini, limeegemezwa karibu na magunia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeyakuta?"

"Sitalike yapo, yamesimama. Ikuu mto umekatika. Limebaki dimbwi."

"Viboko?"

"Wanalaliana."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesomewa barua ambayo alishajua yaliyomo. "Na huko juu ulifika?"

Nikamweleza Kakese, nikamweleza mama wa nyanya na binti wa kidato cha tatu. Nilidhani atakasirika. Yeye amelima mpunga maisha yake yote kwa vijito vinavyoteremka kutoka mlimani. Alikaa kimya, akapapasa mpini mpya kwa kidole gumba akitafuta mahali palipobaki na kovu.

"Naye analima," alisema hatimaye. "Tungekaa naye tukazungumza. Mto mmoja, halafu hatujuani."

Nimesoma maandiko mengi juu ya usimamizi wa mabonde ya maji. Sijui mahali ambapo jambo hilo limesemwa kwa maneno machache zaidi. Wa juu na wa chini wanakunywa mto mmoja na katikati yao wamelala viboko, na mtu anayetoka mwisho mmoja kwenda mwisho wa pili ni mgeni mwenye daftari, anayepita mara moja na kuondoka.

Mzee akainuka. Akamwita mjukuu wake wa kweli, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, aliyekuwa uani akichota maji. Akaelekeza kidevu kwenye magunia mawili ya ukutani. Tembo hunusa nafaka kutoka mbali, na ukuta wa baraza si kitu kwake.

"Yaingizeni ndani," alisema. "Usiku huu."

Kijana akashika upande mmoja wa gunia la kwanza. Nikaweka begi chini, nikashika wa pili.